Virusi vyenye taa, na ile homa ya 2007

 

Najua wengi mnapita huku kusoma habari za bumu limechelewa na nani kadisco, lakini leo nimekuja na historia. Tena historia ya kisayansi, msikimbie jamani, nitakwenda taratibu. Ni habari ya virusi ambavyo wataalamu wamevipandikizia taa, yaani vikishaingia ndani ya seli vinaifanya seli itoe mwanga. Mhadhiri wetu alivigusia dakika kama tano hivi akaviita virusi ripota, kwa sababu vinaripoti vyenyewe viko wapi. Sisi wa benchi la nyuma tukaviita virusi vya taa, na jina likaganda.

Nilidhani hayo ni mambo ya Wazungu huko na maabara zao. Nilipoanza kufuatilia ndipo nikakuta kwamba mojawapo ya virusi vilivyowekewa taa ni vya Homa ya Bonde la Ufa. Ndiyo, ile ile iliyofika mpaka hapa Iringa mwaka 2007. Na taa yenyewe iliwekwa 2006! Mwaka mmoja tu kabla. Tangu hapo nina swali moja linalonisumbua: kama taa iliwaka 2006, mbona mpaka leo dawa ya homa hii hakuna? Hii makala ni safari yangu ya kulijibu hilo swali.

Kwanza tukumbushane 2007. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki kitu, nasimuliwa tu. Mama alikuwa anauza supu ya ng'ombe na chapati hapa mjini, na anasema kuna miezi watu waliikimbia supu kama wameona nyoka. Mteja anakuja, anauliza "mama, leo kuna kuku?", akiambiwa hakuna anakunywa chai kavu anaondoka. Mabucha yakadorora, bei ya kuku na samaki ikapanda. Wafugaji ndio walioumia zaidi, maana minada ilisimamishwa na mifugo ikazuiwa kusafirishwa. Mtu ana mbuzi hamsini lakini hana pa kumuuza hata mmoja, na ada ya shule inadaiwa.

Ugonjwa ulianza kuripotiwa Tanzania Januari 2007 upande wa Arusha, baada ya kuwa umeshawaka Kenya tangu mwishoni mwa 2006. Ukashuka na kusambaa, Dodoma ikaumia sana, Morogoro ikapata, Iringa ikapata. Mpaka ulipokwisha Juni 2007, watu 511 walikuwa wameshukiwa kuugua katika mikoa 10, maabara zikathibitisha 186, na waliofariki walikuwa 144. Hiyo ni kwa binadamu tu. Mbuzi, kondoo na ng'ombe waliokufa au kutupa mimba ni hesabu nyingine kabisa.

Kwa wasiojua, virusi hivi husambazwa na mbu kwa mifugo, halafu binadamu anavipata kwa kuumwa na mbu au, mara nyingi zaidi, kwa kugusa damu na mimba zilizotoka za mnyama mgonjwa, kwa kuchinja, au kunywa maziwa mabichi. Wengi wanaoambukizwa wanapata homa ya kawaida na kupona. Wachache ndio wanaopata balaa: ini kuharibika, kutokwa damu, ubongo kuvimba, au macho kupoteza nuru. Nyama ikipikwa ikaiva haina neno, kwa hiyo supu ya mama haikuwa na kosa lolote. Lakini hofu haisomi kitabu.

Sasa turudi nyuma, mpaka Naivasha, Kenya, mwaka 1930.

Huko kwenye shamba moja karibu na ziwa, wanakondoo walianza kufa kwa mafungu. Katika wiki nne hivi walikufa wanakondoo wapatao 3,500 na kondoo majike 1,200, shamba moja tu! Wataalamu wa mifugo Robert Daubney na J.R. Hudson, pamoja na daktari P.C. Garnham, wakaingia kazini, na mwaka 1931 wakachapisha ripoti iliyoupa ugonjwa jina. Walichukua damu ya mnyama mgonjwa, wakaichuja kwa chujio dogo linalozuia bakteria, kisha wakamdunga kondoo mzima ile iliyopita. Naye akaugua. Maana yake kinachoua ni kidogo kuliko bakteria, yaani kirusi.

Hebu tazama kifaa chao cha kupimia. Kifaa chao kilikuwa kondoo! Ukitaka kujua kama kwenye chupa yako kuna kirusi, unamdunga mwanakondoo, unakaa unasubiri. Akifa, kipo. Akipona, hakipo, au kipo kidogo, au umekosea kudunga. Baadaye kidogo ikagundulika kwamba panya nao wanaugua haraka, basi kifaa kikawa panya. Nafuu kuliko kondoo, lakini bado ni kusubiri kifo ndipo uandike namba kwenye daftari.

Na kusubiri kwenyewe kulikuwa na hatari. Watu waliokuwa wakifanya utafiti huu waliambukizwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1934 iliandikwa habari ya mfanyakazi wa maabara huko Marekani aliyefariki baada ya kuambukizwa kazini. Kwa hiyo kila siku ya ziada ya kukaa na kirusi hiki mkononi ilikuwa siku ya ziada ya kuchezea moto.

Kutoka Naivasha twende Uganda. Mwaka 1936 taasisi ya Rockefeller ya Marekani ilianzisha kituo pale Entebbe cha kuchunguza homa ya manjano, ambacho ndicho leo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watu wa kituo hicho, akiwemo Kenneth Smithburn, walikuwa wanaingia msitu wa Semliki, magharibi kabisa mwa Uganda, kukamata mbu na kuwachunguza. Walitafuta homa ya manjano, wakawa wanaokota virusi vingine njiani kama mtu anayetafuta kuni akarudi na uyoga. Mwaka 1943 wakapata kirusi kipya wakakiita Bunyamwera, kwa jina la mahali huko huko. Mwaka 1944 wakapata kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa ndani ya mbu wa porini. Lile wazo la tangu Naivasha kwamba mbu wanahusika likapata ushahidi wa kushika mkononi.

Naomba mlishike hilo jina Bunyamwera, tutalihitaji baadaye.

Smithburn akachukua kirusi cha Semliki, akakipitisha kwenye bongo za panya mara nyingi mpaka kikapungua ukali kwa mifugo, na hiyo ikawa chanjo ya mifugo iliyotumika Afrika kwa miongo mingi. Ina tatizo lake, inaweza kumtoa mimba mnyama mwenye mimba, lakini ilisaidia.

Kwenye kuhesabu virusi, hatua kubwa ilikuja mwaka 1952 kwa Renato Dulbecco, Mwitaliano aliyekuwa California. Yeye alitandaza seli kwenye sahani zikafunika sakafu yote kama nyasi za uwanja wa mpira, akamwagia virusi, akafunika kwa utomvu mzito ili virusi visizurure ovyo. Kila kirusi kinachoua seli kinaua na majirani zake, na baada ya siku kadhaa kinaacha kitundu. Unahesabu matundu, unajua ulianza na virusi vingapi. Rahisi, nzuri, na mpaka leo inatumika. Ila bado unasubiri. Kwa kirusi chetu ni kama siku tatu au nne ndipo matundu yaonekane vizuri. Na bado unachohesabu ni kifo, safari hii cha seli badala ya kondoo.

Sasa fikiria unatafuta dawa. Una kemikali elfu kumi kwenye kabati na hujui ipi inamzuia kirusi. Kwa kila moja uandae sahani, usubiri siku nne, upake rangi, uhesabu matundu kwa macho. Ni foleni isiyokwisha, ile ya dirisha la mkopo siku ya kusaini haioni ndani!

Hapo ndipo tunahitaji kimulimuli.

Kila aliyekulia kijijini anamjua huyu mdudu. Masika usiku, nje hakuna umeme, unamwona anawaka anazima. Mwaka 1887 Mfaransa Raphaël Dubois aliuelezea mwanga wa viumbe kwamba unatoka kwenye vitu viwili vinavyokutana: kimoja ni kama mafuta ya taa, akakiita lusiferini, na kingine ni kimeng'enya kinachoyawasha, akakiita lusiferasi. Vikitenganishwa giza, vikikutana mwanga. Miaka ya 1940 William McElroy, kule Baltimore nchini Marekani, alikuwa analipa watoto wa mtaani senti 25 kwa kila vimulimuli 100 wanavyomletea, na mwaka 1947 akaonyesha kwamba mwanga wao unahitaji ile nishati ya seli tunayoikariri tangu sekondari, ATP. Watoto wa Baltimore walikuwa na bahati. Sisi tulikamata bure tukaweka kwenye chupa ya soda.

Mwaka 1985 kundi la California lililokuwa na Donald Helinski na Marlene DeLuca likafanikiwa kuchukua jeni ya lusiferasi ya kimulimuli na kuinakili ndani ya bakteria. Maana yake ni nini? Ni kwamba "balbu" imetolewa kwenye mdudu, sasa unaweza kuifunga kwenye kiumbe chochote. Mwaka 1986 wakaifunga kwenye mmea wa tumbaku na tumbaku ikawaka gizani. Mwaka 1988 kundi la Mariano Esteban huko New York likaifunga kwenye kirusi, vaccinia, kile kilichotumika kuchanjia ndui, na kwa mwanga wakaweza kufuatilia kirusi kilisambaa kwenye viungo gani vya panya. Hapo kirusi kikaanza kuripoti chenyewe.

Halafu angalia hili lililonishangaza. Mwaka huo huo wa 1985, Kenneth Linthicum na wenzake walichapisha kazi yao ya Kenya. Walichota mabuu ya mbu kutoka kwenye mabonde yanayotuama maji, wakawalea mpaka wakawa mbu wazima, wakakuta mbu hao wana kirusi cha Bonde la Ufa kabla ya kumuuma mtu wala ng'ombe yeyote. Kwa hiyo kirusi kinaweza kurithishwa kupitia mayai, na mayai ya mbu hawa yanakaa kwenye udongo mkavu muda mrefu yakisubiri mafuriko. Ndiyo maana homa hii inalala miaka na miaka halafu mvua ya El Niño ikija inaamka, kama ilivyoamka 1997/98 na 2006/07. Mwaka mmoja, watu wa mbali wanaichomoa balbu kwenye kimulimuli, na watu wa Kenya wanagundua kirusi kinajificha wapi. Hakuna aliyejua kwamba hizo habari mbili zitakutana.

Ilichukua miaka 21 kukutana. Kwa nini? Kwa sababu vaccinia ina vinasaba vya DNA, virefu, unaweza kupachika kitu kipya bila taabu kubwa. Kirusi chetu ni cha RNA, tena imekatwa vipande vitatu, na RNA yenyewe iko kinyume, kama picha ya zamani ile ya negativu. Ukiiweka peke yake kwenye seli haifanyi kitu. Inabidi utengeneze nakala za DNA za vipande vyote, uziingize pamoja na protini za kuanzishia, halafu usali kwamba vitajipanga vyenyewe viwe kirusi hai.

Aliyefungua huo mlango ni Richard Elliott pamoja na Anne Bridgen huko Glasgow, mwaka 1996. Walikuwa wa kwanza kuunda kirusi cha aina hiyo, cha RNA kinyume iliyo vipande vipande, kutoka kwenye nakala za DNA tupu. Kirusi gani? Bunyamwera! Kile cha mbu wa Semliki mwaka 1943. Niliposoma hapo nikapiga meza, jamaa wa chumba akadhani Simba wamefunga goli.

Basi, mwaka 2006 Tetsuro Ikegami, Shinji Makino na wenzao huko Galveston, Texas, wakachapisha kwamba wameunda kirusi cha Bonde la Ufa kwa njia hiyo. Hawakutumia kirusi kikali cha porini. Walitumia aina iliyodhoofishwa iitwayo MP-12, ambayo asili yake ni mgonjwa wa Misri wa mwaka 1977, wakati homa hii ilipoua watu 598 kwa hesabu rasmi. Ndani ya MP-12 kuna jeni inaitwa NSs. Hiyo ndiyo silaha kubwa ya kirusi, kwani protini yake inaizima seli isiweze kupiga kengele ya hatari, ile kengele tunayoiita interferoni. Watu wa Galveston wakaing'oa NSs na mahali pake wakaweka lusiferasi ya Renilla, kiumbe wa baharini jamaa wa matumbawe. Yaani wamempokonya mwizi panga wakamfunga tochi kichwani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kirusi kikiingia kwenye seli na kuanza kuzaliana, seli inalazimishwa kutengeneza na protini za kirusi na lusiferasi humo humo. Unaongeza "mafuta ya taa", seli inatoa mwanga, mashine inapima. Virusi vikizaliana sana mwanga mwingi, vikizuiwa mwanga kidogo. Husubiri seli ife. Badala ya siku nne unaweza kupata jibu ndani ya siku moja. Na kwa kuwa mashine ndiyo inayosoma, unaweza kuweka kemikali 96 au 384 tofauti kwenye trei moja yenye vishimo, kila kishimo na kemikali yake, zikasomwa zote kwa dakika chache.

Ila wadau, tusidanganyike na giza. Kishimo kikiwa giza kuna maelezo zaidi ya moja. Labda kemikali imezuia kirusi, hiyo tunaitaka. Labda kemikali imeua seli zote, na seli iliyokufa haiwaki, hiyo ni sumu. Labda kemikali imeizima lusiferasi tu, kirusi kipo kinazaliana gizani kimya kimya. Ndiyo maana kila jaribio la taa lazima liende na jaribio la pili la kuangalia seli kama ziko hai, na mwisho wa siku lazima urudi kwa mzee Dulbecco ukahesabu matundu. Pia kirusi chenye taa siyo kirusi kamili, kimepungukiwa silaha, kwa hiyo kinachokizuia hiki kinaweza kushindwa na kile cha porini.

Je, imetumika kweli kutafuta dawa? Imetumika. Mwaka 2016 watafiti wa Umeå, Sweden, walichapisha kazi ambayo walipima kemikali zaidi ya 28,000 kwa kirusi cha Bonde la Ufa kilichong'olewa NSs na kuwekewa protini nyekundu ya kiumbe mwingine wa baharini. Hii haijiwashi yenyewe kama ya kimulimuli, inang'aa ukiimulika, lakini wazo ni lile lile. Zaidi ya 28,000! Kwa njia ya matundu hiyo ingekuwa kazi ya kustaafia. Kutoka Umeå huko huko, mwaka 2018 ikaja taarifa kwamba kemikali moja iitwayo benzavir-2 inazuia kirusi hiki kwenye seli na kwamba inaweza kufyonzwa mwilini panya akimezeshwa. Ipo pia favipiravir, dawa iliyotengenezwa Japani, ambayo imeokoa wanyama wadogo wa maabara walioambukizwa Bonde la Ufa.

Na bado, leo ukiugua homa hii hakuna dawa maalumu iliyoidhinishwa. Unapewa maji, unatulizwa homa na maumivu, unaangaliwa kwa karibu. Kama 2007.

Kwa hiyo swali langu, mbona? Jibu nililolipata ni kwamba taa haikuondoa foleni, imeihamisha. Kabla ya 2006 foleni ilikuwa dirisha la kwanza, kutambua kemikali ipi inafaa. Dirisha hilo sasa linakwenda mbio. Lakini baada yake kuna dirisha la mnyama, la kupima kama dawa ni salama, la kipimo gani apewe mtu, na la mwisho ambalo ni gumu kuliko yote: kuipima kwa wagonjwa wenyewe. Na hapa asili ya ugonjwa inatukomoa. Mlipuko wa Tanzania ulidumu Januari mpaka Juni. Huwezi kuanza kuandika maombi ya kibali mvua ikiwa imeshanyesha, kwani utakapopata sahihi ya mwisho mbu wameshaondoka na mgonjwa wa mwisho amepona au amezikwa. Halafu unasubiri El Niño nyingine, labda miaka kumi. Ongeza kwamba wanaougua ni wafugaji na wachinjaji, siyo soko la kumtoa mate mwenye kiwanda cha dawa.

Madirisha hayo ya mwisho hayako Texas wala Umeå. Yako huku. Mgonjwa wa kupimiwa dawa atakuwa Dodoma au Garissa au bonde la Ruaha, na atakayemchukua damu usiku wa manane ni muuguzi wa kituo cha afya cha huku.

Msije mkadhani kati ya mlipuko na mlipuko kirusi kinakuwa hakipo. Watafiti waliopima sampuli za damu za watu 1,228 kutoka maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya, wakachapisha mwaka 2012, walikuta asilimia 5.2 wana dalili kwenye damu kwamba waliwahi kuambukizwa Bonde la Ufa. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ilikuwa asilimia 29.3! Karibu mtu mmoja kati ya watatu na nusu, na hakukuwa na mlipuko uliotangazwa pale. Walipata homa, wakasema malaria hiyo, wakanywa dawa, maisha yakaendelea. Nchi jirani nazo zimepata milipuko, Rwanda 2018 na Burundi 2022.

Habari njema ipo upande wa chanjo ya binadamu. Mkenya George Warimwe, aliyefanya kazi kati ya Kilifi na Oxford, ameongoza utengenezaji wa chanjo iitwayo ChAdOx1 RVF. Ilianza kujaribiwa kwa watu Uingereza mwaka 2021, kisha majaribio yakaenda Entebbe, mji ule ule wa akina Smithburn. Na kazi ya kupima kama damu ya aliyechanjwa inaweza kuzuia kirusi inafaa sana kufanywa kwa kirusi chenye taa: changanya damu na kirusi, weka kwenye seli, kesho yake angalia. Giza ni ushindi, ukishahakikisha seli zi hai.

Kuna jambo moja lingine linalonipa matumaini kama mtu ninayesomea sayansi huku. Kirusi cha porini kinahitaji maabara ya ulinzi wa hali ya juu. Lakini MP-12 ni dhaifu kiasi kwamba Marekani waliiondoa kwenye orodha yao ya vimelea vinavyobanwa vikali. Kwa hiyo kirusi dhaifu chenye taa kinaweza kufanyiwa kazi kwenye maabara nzuri ya kawaida, yenye mtu makini na mashine ya kusoma mwanga. Hilo siyo jambo la kwenda mwezini.

Mwanafunzi wa miaka ya 1930 angehitaji kundi la kondoo na moyo mgumu. Wa leo anahitaji trei ya plastiki, seli hai, na kujua kwamba giza lina maana tatu. Mvua kubwa itarudi tu, mayai yapo kwenye udongo, yamelala. Zamu hii ningependa makaratasi ya jaribio la dawa yawe yameshasainiwa kabla mbu hawajaamka, na kwenye orodha ya wasomaji wa trei kuwe na majina ya kwetu.

Nawasilisha. Jumatatu kuna jaribio la fizikia, narudi kwenye madesa.